Nani Alivichoma Vyungu vya Geneviève

Sura ya Sita

Kavira alikiweka chungu juu ya meza kama mtu anayelaza mtoto mchanga, kisha akarudi nyuma kidogo na kungoja apongezwe.

Sajini Naswiba wa upelelezi, kituo cha polisi cha Bwera, hakuwa mtu wa kumpongeza yeyote kabla hajamaliza chai yake ya asubuhi. Alikitazama chungu juu ya ukingo wa kikombe. Kilikuwa chungu cha kupikia maharage, cha wastani, chekundu upande mmoja na cheusi upande wa pili pale moto ulipokilamba. Vyungu vya namna hiyo alivijua tangu utoto wake Kasese mjini, ingawa nyumbani kwake siku hizi vyombo vyote vilikuwa vya plastiki.

"Mutoto yangu iko muzima, afande," Kavira alisema. "Angalia weye mwenyewe. Iko muzima!"

Naswiba aliweka kikombe chini.

Faili ya Geneviève, binti wa Kavira, ilikuwa mikononi mwake tangu mvua za mwanzo wa mwaka. Mama na binti walivuka mpaka pamoja kutoka upande wa Butembo wakikimbia bunduki. Mama akatandika turubai sokoni Mpondwe, akauza unga wa muhogo. Binti, aliyefundishwa ufinyanzi na bibi yake, akaenda kukaa Nyakiyumbu kwa mfinyanzi mmoja aitwaye Feresita, wakawa wanafinyanga pamoja. Siku moja akatoweka. Feresita alisema amerudi Kongo. Crispus, mwenye kiwanda cha matofali kando ya kinamasi wanamochimba udongo, alisema hivyohivyo, tena karibu kwa maneno yaleyale. Hilo lilimkera Naswiba tangu siku hiyo, kwa sababu watu wawili waliomwona mtu akiondoka kwa kawaida hawapatani hata juu ya rangi ya gauni lake. Lakini kukereka si ushahidi. Faili ilikaa kabatini ikila vumbi.

"Umekitoa wapi, mama?"

"Ku soko. Nilikuwa ninapita tu, ninaona chungu ya mutoto yangu inaniangalia." Kavira alipitisha kidole shingoni mwa chungu. "Unaona haya maua?"

Naswiba aliinama. Kuzunguka shingo kulikuwa na nakshi ya vipembe vidogo vilivyofuatana, na kila baada ya vipembe kadhaa palikuwa na nafasi tupu, kama pengo mdomoni.

"Baba yangu alichonga kijiti, akakipatia mama yangu," Kavira alisema. "Unakizungusha ku udongo ingali mubichi, kinaacha maua. Mama akakipatia Geneviève. Jino moja ilivunjika zamani, ndiyo ile fasi hakuna kitu. Dunia muzima hakuna mutu mwingine iko na kijiti ya vile. Na chungu ni mupya, afande. Nusa!"

Naswiba alinusa. Moshi mtupu. Alifuta tumbo la chungu kwa kidole, kidole kikatoka cheusi. Masizi ya kwanza hutoka siku chungu kinapooshwa kwa mara ya kwanza, na hiki kilikuwa hakijagusa maji.

"Nimeisha kwenda kwa padri," Kavira aliendelea. "Juma ya Mungu atasoma misa ya shukrani. Mbele alikuwa ananiambia tufanye misa ya wafu. Nikamukatalia. Nikamwambia, padri, unionyeshe maiti kwanza. Sasa yeye mwenyewe ameshangaa."

"Mama, usitangaze bado. Ngoja nimwone kwa macho yangu."

"Utamuona. Umwambie mama yake hana kasirani. Hata kama alipata bwana, hata kama iko na mimba. Arudi tu."

Alikichukua chungu chake, akakifunga kwa kitenge mgongoni, akatoka akitembea kama msichana. Naswiba alimtazama mpaka akapotea getini. Kisha akainywa chai yake, nayo ilikuwa imepoa, na moyo wake haukuwa na furaha hata kidogo, wala hakujua kwa nini.

*

Muuza vyungu wa Mpondwe aliitwa Biira, mwanamke mwenye sauti ya kuita wateja hata akizungumza na mtu aliye karibu na pua yake. Hakuhitaji kubembelezwa.

"Hizo zilitoka kwa Feresita wa Nyakiyumbu."

"Zote zenye nakshi hii?"

"Zote. Ziliisha mara moja. Zilikuwa nzuri, afande, yule mutu aliyezifanya ana mukono." Biira alipunguza sauti, yaani akaongea kama watu wengine. "Lakini nikuambie kitu. Feresita mimi ninamujua. Tukipatana bei, tunabishana mpaka mate inakauka. Hii mara alishusha vyungu, akasema, uwape watu tu. Hakutaka kitu. Hata chumvi! Nikafikiri ameokoka."

"Ukawapa watu?"

"Mimi sijaokoka," Biira alisema. "Niliuza."

"Na msichana mwenyewe, umemsikia wapi?"

"Wanasema iko Bwesumbu. Ameolewa na mutu ya kahawa."

Naswiba alipanda bodaboda mpaka Bwesumbu, juu kwenye mteremko wa mlima, njia ambayo inamfanya hata asiye na dini akumbuke sala. Kweli alimkuta msichana wa Kikongo kwa mkulima wa kahawa. Msichana alimwona polisi, akatetemeka. Alisema jina lake ni Bénit na kwao ni Beni. Naswiba hakutaka kumtisha, akamwuliza swali moja tu.

"Udongo wa kufinyanga unachanganywa na nini?"

"Na maji," msichana alijibu.

Naswiba alimshukuru, akateremka. Tangu alipoanza kuishughulikia faili hii alikuwa amekaa na wafinyanzi vya kutosha kujua jambo hilo moja. Udongo mtupu hupasuka motoni. Kwa hiyo vyungu vilivyovunjika havitupwi. Vigae vyake hutwangwa kuwa unga, na unga huo hukandwa ndani ya udongo mpya ili uvumilie moto. Chungu cha leo kina chungu cha bibi ndani yake, na cha bibi kina cha aliyemtangulia. Mtoto aliyefundishwa na bibi yake asingeweza kujibu "maji".

Basi ikabaki Nyakiyumbu. Njiani alikuwa akipanga mambo kichwani. Chungu kipya, mkono wa Geneviève, kimeletwa na Feresita. Ama Feresita alikuwa amemficha msichana akimfanyisha kazi, na ndiyo sababu alikuwa akivitoa vyungu haraka kama mtu anayeondoa vitu vya wizi. Ama kuna jambo lingine. Naswiba aliomba iwe ile ya kwanza. Ni nadra polisi kuomba kwamba mtu awe amefungiwa mahali na kufanyishwa kazi bure, lakini siku hiyo aliomba hivyo.

*

Feresita alikuwa chini ya kibanda chake cha nyasi pamoja na wanawake wawili, mmoja akitwanga vigae kwenye kinu, mwingine akikanda. Feresita mwenyewe alikuwa amepiga magoti, anapandisha ukuta wa mtungi kwa mikunjo ya udongo, mkunjo juu ya mkunjo, akiulainisha kwa ganda la buyu. Hakuinuka. Mfinyanzi aliyefika katikati ya mtungi hainuki hata akija mkuu wa wilaya.

"Karibu, afande. Habari ya Bwera?"

"Nzuri, mama Feresita. Sikai. Geneviève yuko wapi?"

"Si nilisema? Ile musichana ilirudi Kongo."

"Vyungu vyake viko sokoni. Vipya."

Ganda la buyu liliendelea kuzunguka. "Alifanya kabla ya kwenda. Akachoma, akaacha."

"Alichoma mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Naswiba alizunguka nyuma ya kibanda. Hapo ndipo wanapochomea, mahali palipoungua duara jeusi, maana huku hawajengi tanuri. Vyungu hupangwa chini, hufunikwa maganda ya mikaratusi na nyasi, moto ukawashwa. Alichuchumaa. Majivu yalikuwa mepesi, ya juu yalipeperuka kwa pumzi yake. Aliingiza vidole ndani kabisa, akatoa kigae kilichopasuka motoni. Kilikuwa na vipembe vidogo, na kati yao pengo. Akakitia katika mfuko wa plastiki, akaandika, akarudi.

"Geneviève alitoweka mvua zikinyesha kila siku," alisema. "Majivu yale hayajaona hata tone. Nani alichoma, mama?"

Mkandaji aliinua macho, akayashusha.

"Ni mimi," Feresita alisema. "Alikuwa ameviacha vibichi, vimekauka tu. Mimi nikachoma. Iko ubaya?"

"Hakuna ubaya."

Na kweli Naswiba hakuuona ubaya wakati ule. Mtu kaacha vyungu, mwenzake kavichoma. Jambo la kawaida. Bado alikuwa akifikiria nyumba za jirani, ni ipi inayoweza kumficha mtu. Alizungusha macho kibandani. Dari ilikuwa na chanja, na chanja ilijaa vyungu vibichi, vya kijivu, vyenye vumbi na utando wa buibui. Aliviulizia kwa sababu tu vilikuwa vingi.

"Na hivyo? Vyungu vyote hivyo vinakaa bure?"

"Hiyo ni ya Patience."

"Patience ni nani?"

"Mwenzetu. Iko hospitali Kisinga. Mguu wake ilioza, sasa inapona pole pole."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Mwaka jana! Mbona hamvichomi? Si angepata sabuni ya hospitali?"

Feresita alicheka kidogo, kama anavyocheka mtu mzima akiulizwa swali na mtoto. "Afande, chungu ya mutu iko hai haichomwi na mutu mwingine. Mwenye kufinyanga ndiye anawasha moto. Mwingine akiwasha, ni kama anamwita kifo. Unataka Patience afe?"

Kinu kilinyamaza. Ganda la buyu likasimama pale lilipokuwa. Feresita alibaki akiutazama mtungi wake, na mdomo wa mtungi ukaanza kulegea upande mmoja kwa sababu hakuna aliyekuwa akiushika.

Naswiba hakupaza sauti. Alikaa chini kwenye nyasi, jambo alilokuwa amesema hatalifanya.

"Geneviève ni mzima, mama Feresita?"

Feresita aliliweka ganda la buyu chini.

"Patience mmemngoja tangu mwaka jana. Geneviève uliniambia yuko Kongo, mzima, anatembea. Basi mbona vyake ulichoma?"

Wale wanawake wawili waliinuka na kuondoka bila kuaga, mmoja bado na mchi mkononi. Feresita alitaka kuunyanyua mdomo wa mtungi, mikono ikakataa. Mtungi ukajilaza. Akauacha.

"Mvua ilikuwa imenyesha," alisema. "Tulienda kuchimba, mimi na yeye. Shimo letu ni ya zamani, mama zetu walichimba hapo. Lakini Crispus alikuwa amepitisha katapila upande ule mwingine, anatafuta udongo ya matofali. Alikula chini ya ukingo. Juu unaona ardhi, chini hakuna kitu. Geneviève alikuwa ndani, mimi niko juu ninapokea vikapu. Ukingo ikaanguka."

"Yote?"

"Yote. Nikapiga kelele. Crispus akakuja na mutu wake wa katapila. Nikamwambia, chimba, chimba upesi. Akatazama. Akasema, huyu ameisha. Akasema, polisi ikijua watafunga kinamasi, nyinyi wanawake mutakula nini? Akasema mimi nitafungwa, sababu nilikaa na Mukongo bila kumwandikisha kwa mwenyekiti. Kisha akaleta udongo ingine, akajaza."

"Alikuwa amekufa?"

Feresita alikuwa akikwangua udongo kwenye kucha zake.

"Mama Feresita. Alipojaza, Geneviève alikuwa amekufa?"

"Hatukuchimba, afande," Feresita alisema. "Hatukuchimba tukaona."

Naswiba alikuwa na kalamu mkononi, na kalamu haikuandika. Aliwahi kuona watu waliokatwa mapanga, waliozama mtoni Lhubiriha, walioungua. Hakuwahi kusikia neno lililomtia baridi kama hilo. Ikambidi ajilazimishe kurudi kazini, kama mtu anavyomlazimisha punda.

"Vyungu vyake ulikaa navyo miezi yote hiyo. Kwa nini umevichoma sasa?"

"Kila tukiwasha moto, zetu zinapasuka. Zote. Wenzangu wakasema, ni yeye, kazi yake imelala juu haina moto. Na mvua inarudi, chungu mbichi ikinywa unyevu inaharibika. Ya marehemu inachomwa na wenzake, inapewa watu bure. Hiyo ndiyo heshima yake. Sikuwa na heshima ingine ya kumpa." Alijifuta pua kwa mkono wenye udongo. "Nilisema Biira agawe tu. Ile mwanamuke!"

"Ulichoma vyote?"

Feresita alitazama juu, kwenye kona ya chanja. Palikuwa na chungu kimoja peke yake, kidogo, kimefunikwa jani la mgomba lililokauka. Kibichi.

"Moja haichomwi," alisema. "Moja inangoja kaburi. Tukisha kuzika tunaiweka juu, mvua inaipiga, inayeyuka, inarudi udongo. Hapo ndipo mwenyewe analala. Hiyo yake inangoja."

*

Kando ya kinamasi, pale palipokuwa shimo la wafinyanzi, palikuwa na bwawa. Maji yake yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Nyuma ya bwawa yalipangwa matofali yanayokauka, mistari na mistari, na katapila la manjano lilikuwa limeegeshwa kivulini.

Crispus alikuja akiwa anatabasamu. Alikuwa mtu wa shati safi, na aliwapa wote wawili mkono, Naswiba na Feresita, aliyekuwa amekubali kuja kuonyesha mahali.

"Afande, umejenga? Unataka matofali?"

"Nataka kujua kuna nini chini ya maji haya."

"Samaki. Ngege," Crispus alisema. "Niliweka vifaranga baada ya mvua. Wanakua vizuri. Ukitaka nitakuvulia."

"Hapa palikuwa na shimo. Ulilijaza."

"Shimo zinajazwa, afande. Mtoto anaweza kuanguka." Halafu akamgeukia Feresita, kwa upole kabisa, kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa. "Mama, mwaka huu mutachimba wapi udongo? Kwa sababu hii ardhi yote, mpaka kule kwa mafunjo, nimeshaipata. Lakini nyinyi ni watu wangu. Si tutazungumza?"

Naswiba aliliona jambo likitokea, asiweze kulizuia. Mabega ya Feresita yalishuka. Alitazama mafunjo, akatazama mikono yake.

"Mama Feresita, onyesha mahali," Naswiba alisema.

"Afande, mimi ni muzee. Nilichanganya maneno."

"Onyesha mahali."

"Ile musichana ilirudi Kongo." Machozi yalikuwa yakimtiririka huku akisema, na hakuyafuta. "Ilirudi Kongo. Mimi sijui kitu ingine."

"Na vyungu?"

"Nilichoma tu."

Crispus alitikisa kichwa kwa huruma. Naswiba alimchukia kwa namna ambayo haifundishwi chuoni na wala haimsaidii mpelelezi. Alisogea pembeni, akampigia simu mkuu wa kituo, Afande Eridadi, akamweleza yote, kwa ufupi na kwa mpangilio: ukingo, katapila, kigae, majivu, Patience wa Kisinga.

"Kwa hiyo huyo mama anakubali?" Eridadi aliuliza.

"Alikubali. Sasa amekataa."

"Amesaini?"

"Hajasaini."

"Sajini, mwanasheria wa serikali atakuuliza ushahidi ni nini. Utamwambia nini? Kwamba mwanamke fulani alichoma vyungu?"

"Hawachomi vya mtu aliye hai, afande. Hawafanyi hivyo kamwe."

"Mimi ninakuamini. Mimi ni Mukonzo, mtu wa hapahapa, mama yangu alikuwa na chungu. Hakimu ametoka Mbarara."

"Basi tuchimbe. Tutoe maji, tuchimbe."

"Tuchimbe na nini? Huku kote iko katapila moja."

"Ya nani?"

"Unaiona hapo mbele yako," Eridadi alisema, wala hakuwa anafanya mzaha. "Andika. Tutapeleka Kasese, waombe mashine."

"Mvua inarudi wiki hii. Kinamasi chote kitajaa. Hata wakileta mashine hakuna atakayejua shimo lilikuwa wapi."

"Andika, Sajini."

Alizima simu. Upande wa mlima mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kiunoni. Crispus alikuwa amesharudi kwenye matofali yake, anaelekeza watu wayafunike kwa majani.

Alipofika kwenye bodaboda alimkuta Feresita amemtangulia kwa njia ya mkato, anahema. Alikuwa na kikapu. Ndani ya kikapu, katikati ya nyasi kavu, kilikuwemo kile chungu kidogo kibichi, bado na jani lake la mgomba.

"Umupelekee mama yake," Feresita alisema. "Usiishike kwa mdomo, inavunjika. Na isipate maji."

"Mama Feresita, dakika hii umesema Geneviève yuko Kongo."

"Ndiyo," Feresita alisema. "Umupelekee."

Kisha akaondoka bila kugeuka nyuma. Naswiba alikuwa amechukua maelezo ya mashahidi wengi, ya mdomo na ya maandishi, na hakuna aliyewahi kumpa maelezo kamili kuliko haya. Hayangeingia katika faili.

*

Alimwambia mwenye bodaboda aende polepole, akakipakata kikapu mapajani njia nzima mpaka Mpondwe. Kila shimo la barabara lilimpiga moyoni. Alikuwa akitafuta maneno. Alijaribu ya Kiislamu, ya kwao, akajaribu kufikiri padri angesema nini, mwisho akaona ataongea kama polisi, maana hayo ndiyo aliyokuwa nayo.

Kavira alikuwa kwenye turubai lake katikati ya soko, nyuma ya lundo jeupe la unga wa muhogo. Alimwona, akasimama upesi, macho yakitafuta nyuma ya bega la Naswiba.

"Iko wapi? Umemuacha nyuma?"

"Kaa chini, mama."

"Umemuona?"

"Sikumwona. Kaa chini, tafadhali."

Kavira alikaa. Naswiba alimwambia yote, tangu mwanzo, bila kuficha na bila kupamba. Alimwambia kuhusu shimo na ukingo uliolika chini. Alimwambia kwamba katapila lilikuwepo na halikuchimba, lilijaza. Alimwambia kwamba chungu kile kipya alikifinyanga Geneviève kabla, kikakauka, kikakaa, na kwamba moto wake uliwashwa na mtu mwingine, na maana ya jambo hilo kule Nyakiyumbu. Alipofika kwenye ngege, aliamua hilo asilitaje.

Kavira alisikiliza mkono ukiwa mdomoni. Alipoutoa, mdomo ulikuwa na unga.

"Nani aliona maiti?"

"Hakuna, mama."

"Feresita aliona?"

"Hakuchimba."

"Ule Crispus aliona?"

"Hatakubali kusema."

"Alor, basi, hakuna mutu aliona." Alisema polepole, kama anayemfundisha. "Batu banasema tu."

Naswiba angeweza kukubali. Angeweza kusema ndiyo, mama, hakuna aliyeona, tungoje, na Kavira angeenda na misa yake ya shukrani, na wote wawili wangelala usiku huo. Alilifikiria kabisa. Lakini alikuwa ameahidi kumwona kwa macho, na kama hakuweza hilo, angalau asimdanganye.

"Mama, Geneviève amekufa. Mimi nimejua. Sina wa kumfunga, na sidhani tutamtoa mule. Nisamehe."

Wauzaji waliokuwa karibu walianza kukunja vitu vyao. Upepo wa mvua ulikuwa umeingia sokoni, unainua pembe za maturubai. Kavira hakusogea. Alikuwa akikitazama kikapu.

"Hiyo ni nini?"

Naswiba aliondoa jani la mgomba. "Ni chungu chake. Hakijachomwa. Kule wanabakiza kimoja. Wakishazika, wanakiweka juu ya kaburi, mvua inakiyeyusha, kinarudi udongo. Wanasema hapo ndipo aliyekufa anapolala."

Kavira alikipokea kwa mikono miwili, kwa chini, bila kuambiwa kwamba mdomo unavunjika. Alikizungusha akifuata vipembe mpaka akafika penye pengo, akasimamisha kidole hapo.

"Kaburi iko wapi?" aliuliza.

Naswiba aligeuza macho upande wa Nyakiyumbu.

Tone la kwanza lilianguka juu ya bega la chungu. Lilizama palepale, likaacha alama nyeusi katikati ya nakshi. La pili likafuata. Soko zima likapiga kelele, watu wakakimbilia kwenye mabati, wakigongana na mizigo kichwani. Hapakuwa na njia ya kupita katika msukosuko ule na kitu kibichi mikononi.

"Hapana," Kavira alisema. "Hapana, hapana, hapana."

Alivua kitenge kiunoni, akabaki na gauni la ndani mbele ya watu wote, akapiga magoti, akakifunika chungu, akainama juu yake kwa mgongo wake mzima. Mvua ikashuka kwa nguvu. Unga wa muhogo ukaanza kuchimbika, ukawa uji mweupe unaotiririka kutoka kwenye turubai hadi mtaroni, na hakuutazama. Upepo ulikuwa unakinyanyua kitenge upande ambao mkono wake haukufika.

Naswiba alipiga magoti kwenye matope, akaushika upande ule.

"Kaza, afande," Kavira alisema. "Kaza sana. Isiingie."

Naswiba akakaza.